Tripu mia za mchanga kwa faini moja

Kagera haina mgodi wa makaa ya mawe. Makaa yako Ngaka, Ruvuma, na Kiwira, Songwe. Lakini swali la mchimbaji mdogo wa huko anapokabidhiwa karatasi ya faini ya mazingira linaulizika vilevile kwenye machimbo ya mawe, moramu na mchanga ya Bukoba na Muleba: faini hii imepimwa kwa uharibifu nilioufanya, au kwa kuwa mimi ndiye rahisi kukamatwa?

Biashara yenyewe haina siri. Vilima vya Bukoba vimejaa mawe ya mchanga, na tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipoangusha na kupasua nyumba kwa maelfu, kila aliyejenga upya alihitaji mawe ya msingi, kokoto na mchanga. Shimoni kuna mwenye eneo, wachimbaji, vibarua wa kupakia na dereva wa tipa. Faini ikija, anayeandikwa jina ni mmoja tu kati yao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilipotungwa iliweka faini ya uchafuzi kuanzia shilingi milioni 3 hadi milioni 50, pamoja na uwezekano wa kifungo. Watu hutazama hiyo 50. Mchimbaji mdogo anaumizwa na hiyo 3. Tuseme tripu moja ya mchanga inamwachia shilingi 30,000 baada ya kulipa vibarua: kiwango cha chini kabisa ni tripu 100, na hakimu akimwonea huruma hana pa kushukia.

Sasa tazama ng'ambo ya Ziwa Victoria, mkoani Mara. Mei 2019 baraza la mazingira la taifa, NEMC, liliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la mabaki. Vichwa vya habari vilitetemeka. Lakini mgodi huo ulikuwa umetoa zaidi ya wakia 300,000 mwaka 2018, wakati wakia moja iliuzwa karibu dola 1,270. Piga hesabu: faini ile ni takriban mauzo ya siku mbili. Hakuna mwenye shimo Muleba anayelipa milioni 3 kwa mauzo ya siku mbili.

Siungi mkono wanaotaka wadogo wasamehewe. Mchanga unaochotwa kando ya mto Kanoni hubomoa kingo zilezile, awe mchotaji ana koleo au buldoza, na mashimo mengi madogo yakikaribiana yanaweza kuzidi kampuni moja kwa madhara. Katazo la shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni lina sababu yake, ingawa kwenye visiwa vyembamba vya Muleba mita 60 za upande huu na 60 za upande ule zinaweza kukutana katikati.

Ninachogombana nacho ni kosa la karatasi kuchanganywa na kosa la uharibifu. Mwenye leseni ndogo, ile wanayoiita PML, hatakiwi kufanya tathmini kamili ya mazingira kama ya mgodi mkubwa; kanuni za 2010 zinamtaka awe na mpango wa kuhifadhi mazingira. Asiye nao amekosa, sawa. Lakini shimo lisilo na mpango na shimo lililomwaga tope ziwani hayapaswi kusimama kwenye mizani moja. Halafu sheria inaruhusu kosa lififilishwe: unakiri, unalipa, kesi imekwisha. Kwa kampuni yenye wanasheria huo ni uamuzi wa kibiashara. Kwa mtu aliyeacha tipa linangoja barabarani, kukiri ndiyo njia ya kurudi kazini, awe ana kosa au hana.

Na mnunuzi yuko wapi? Mnunuzi mkubwa wa mchanga mara nyingi ni serikali yenyewe. Mwaka 2021 zilipotengwa fedha za mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3, kujenga madarasa 12,000 ya sekondari ilikuwa sehemu ya mpango huo, na kwa mfumo wa fosi akaunti shule zenyewe hununua vifaa. Kamati ya manunuzi inaweza kudai namba ya leseni ya shimo kwenye kila risiti ya mchanga na mawe, kama inavyodai risiti ya EFD. Gharama yake ni mstari mmoja kwenye fomu, na ingemfikia mchimbaji kabla ofisa wa faini hajafika.