Pikipiki ya safari ipime kwa usiku wa Salgaa, si kwa mchana wa dukani

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nakuru. Anaishi Bondeni, anauza madera, kanga na viatu, na kila wiki hupeleka bidhaa Gilgil, Naivasha na Molo. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mjomba, nimepata pikipiki." Kisha akanitumia picha: Yamaha FJR1300, masanduku mawili ubavuni, kioo kirefu mbele. Yauzwa na mtu wa Nairobi. "Mwenyewe asema inafika mia mbili bila kutetemeka."

Nikamuuliza swali moja. "Ukitoka Molo saa tatu usiku, furushi la madera liko nyuma na mvua inanyesha, utaona mbele umbali gani?"

Akanyamaza. Si yeye peke yake. Vijana wetu wengi wa Pwani wako huko juu kwa kazi, biashara au masomo, na wengine hupanda kila mwaka kwenda Naivasha tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Wakitaka pikipiki ya safari ndefu, la kwanza huulizia ukubwa wa injini. Mimi nasema tuanze na saa mbaya kuliko zote katika safari yako, ndipo tutafute chombo kitakachokuvusha saa hiyo.

Njia yenyewe

Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni kilomita 640 hivi: 480 hadi Nairobi, kisha 160. Waanza usawa wa bahari, wapanda hadi Limuru penye mita 2,200 na zaidi, wateremka kwenye bonde, kisha wafika Nakuru penye mita 1,850. Ukiendelea kuelekea Eldoret, barabara yapanda tena kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, takriban mita 2,500, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700.

Majina hayo tumeyasikia kwenye taarifa za habari, na si kwa mema. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, likashika moto watu wakichota, na zaidi ya watu 100 wakafa. Desemba 2016, lori lililobeba kemikali inayowaka lililipuka Karai, karibu na Naivasha, likaua watu wapatao 40. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, na watu 36 wakapoteza maisha. Baadaye sehemu ya Salgaa ikawekewa ukuta wa zege katikati ili magari yasikutane uso kwa uso.

Mteremko ni mrefu, malori ni mengi, na wako madereva ambao huweka gia huru ili kuokoa mafuta. Breki zikipata moto hazishiki tena. Mwenye pikipiki hapo ndiye mdogo kuliko wote. Kinga yake ni mambo matatu: aone mapema, aonekane mapema, na mwili wake uwe na nguvu ya kutenda haraka. Kiti, mzigo na taa vyote vinarudi kwenye hayo matatu.

Kiti na upepo

Starehe ya safari si anasa. Mtu aliyekaa saa nane juu ya kiti kigumu, mgongo umepinda na viganja vimebeba uzito wa kifua, huchoka akili kabla ya miguu. Akifika Gilgil hata akitokewa na nyani barabarani, mkono wake unachelewa kushika breki.

Pikipiki za mbio humlaza mpandaji juu ya tangi. Hizo ziache. Pikipiki za safari za aina ya FJR humkalisha wima kiasi, magoti hayakukunjwa sana na usukani uko karibu. Ukienda kuitazama, usikae dakika mbili kisha ukasema ni nzuri. Kaa robo saa nzima, umevaa koti na viatu vya safari. Nyayo zote mbili ziguse chini. Ukigusa kwa vidole tu, siku utakaposimama penye changarawe na mzigo mzito utaanguka nayo.

Jambo la pili ni baridi. Sisi tuliozoea joto la Likoni hatuijui baridi ya Mau Summit saa kumi za usiku. Joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mwendo wako wauongezea upepo makali. Vidole vikifa ganzi, breki na klachi huvisikii. Kioo cha upepo, vikinga mikono, glavu nzito na koti lisilopitisha maji vihesabu kuwa sehemu ya bei ya pikipiki.

Injini na hewa ya juu

Ukubwa wa injini una kazi yake: kupita lori kwenye mlima. Huko juu hewa ni nyepesi. Nakuru injini hupata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa, na Timboroa upungufu hufika robo. Boxer 150 yenye nguvu za farasi 12 kwetu huwa na 10 hivi huko. Ukiwa na abiria na furushi, kulipita trela mlimani ni kubahatisha.

Tena pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa Mombasa hupata mafuta mengi kuliko hewa ikifika juu. Itatoa moshi mweusi, itakosa nguvu na itakula petroli. Yenye injeksheni hujipima yenyewe. Kwa mtu anayepanda na kushuka kati ya Pwani na bonde, mimi ningechagua injeksheni hata kama injini ni ndogo kidogo.

Mzigo

Hapa watu wa Pwani tuna elimu ya zamani. Nahodha hapakii mzigo mzito juu ya chombo. Huuweka chini na katikati, na akikosa mzigo hutia farumi. Pikipiki ni vivyo hivyo. Vitu vizito viweke kwenye masanduku ya ubavuni, chini na karibu na kiti, uzito sawa kulia na kushoto. Sanduku la nyuma, lile la juu ya keria, ni la koti la mvua na mkate. Ukilijaza vyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza ukifika kilomita 90 kwa saa.

Soma kibandiko au kitabu cha pikipiki ujue uzito inaoruhusiwa kubeba. Hesabu hiyo inakujumuisha wewe, abiria, masanduku yenyewe na vilivyomo. Watu wawili wanene huimaliza kabla hata hujafunga begi.

Kufunga furushi kwa blada, vile vipande vya mpira wa tairi, yatosha kwa safari ya sokoni. Kwa kilomita 640 hayatoshi. Mimi nimewahi kupata funzo hilo. Nikiteremka kuelekea Naivasha jioni moja, blada ilikatika, begi likaning'inia upande na mkanda wake ukakaribia kuingia kwenye cheni. Lililoniokoa ni kuwa nilikuwa naenda polepole kwa sababu ya ukungu. Tumia mikanda yenye bakoli, na ncha zote zifungwe zisipeperuke.

Taa

Sasa tufike kwenye swali nililomuuliza mpwa wangu. Kwa taa ya dimu, kitu cheusi kisichoakisi mwanga, kama punda au mtu aliyevaa koti jeusi, hukiona kikiwa mbele yako mita 50 hivi. Ukienda kilomita 80 kwa saa, wakata mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kushika breki tayari ni mita 33, na kusimama kwahitaji kama mita 40 nyingine. Jumla ni mita 73 au zaidi, na barabara iwe kavu. Yaani punda umempiga kabla ya kusimama. Kwa kilomita 60 kwa saa, jumla ni karibu mita 50. Ndiyo maana usiku, kwa taa ya dimu, 60 ndio mwisho wako, pikipiki iwe ya bei gani.

Pikipiki nyingi ndogo za kazi zina balbu ya wati 35. Kubwa nyingi zina balbu ya wati 55 kwa dimu na 60 kwa fulu, au taa za LED. Ukitaka kuongeza taa kwenye pikipiki ndogo, muulize fundi kwanza kama umeme wake wahimili. Taa mbili kubwa zaweza kumaliza betri ukabaki gizani kabisa.

Kuna jambo la taa ambalo wauzaji hawalisemi. Sisi twaendesha upande wa kushoto, sawa na Uingereza, Japani na India. Pikipiki iliyotengenezewa Dubai, Oman, Ujerumani au Marekani mara nyingi taa yake ya dimu humulika zaidi kulia. Kwetu itampofusha dereva wa lori anayekuja, na ukingo wa kushoto, wanakotembea watu na ng'ombe, utabaki na giza. Ndugu yako wa Muscat akikutafutia pikipiki, mwambie aulizie hilo. Kabla hajatuma pesa, nawe uliza KRA na KEBS habari ya ushuru na masharti.

Tena mzigo na taa ni ndugu. Ukipakia nyuma, mkia hushuka na taa huinuka kumulika miti. Ukishapakia kila kitu, abiria akiwa amekaa, simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani uwashe dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Ukiwa juu, kaza springi ya nyuma au shusha taa kwa skrubu yake.

Kwenye kona, taa ya kawaida humulika mbele huku wewe wapinda. BMW K1600 ilileta mwaka 2011 taa inayofuata kona, na FJR1300 za daraja la juu zilipata taa za kona mwaka 2016. Ni nzuri kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lakini mwendo wa pole hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama.

Basi ipi?

FJR1300 ni pikipiki ya safari kwelikweli. Tangi lake ni lita 25, haina cheni ya kupaka mafuta bali shafti, na kioo chake hupanda na kushuka kwa umeme. Honda ST1300 ina tangi la lita 29. Lakini zote mbili zakaribia kilo 300 au kupita, na si kila fundi wa Nakuru amewahi kuifungua moja. Kwenye njia ya vumbi ya kuingia sokoni Molo, uzito huo si rafiki. Mwenye kukaa kwenye lami na mwenye akiba ya spea, namwambia heri.

Kwa mfanyabiashara kama mpwa wangu, naona pikipiki ya kati yafaa zaidi. Bajaj Dominar 400 ina nguvu za farasi 40 hivi, injeksheni, taa za LED na tairi zisizo na tyubu, ambazo pancha yake huzibwa kando ya njia. Royal Enfield Himalayan hukaa wima na hustahimili njia mbaya. Ile ya zamani ya 411 ina tairi za tyubu na nguvu 24 tu. Cheni zake zipakwe mafuta kila kilomita 500 hivi, yaani kabla hujafika Nairobi kutoka Mombasa uwe umeshaikumbuka.

Na ambaye uwezo wake ni Boxer, asidharauliwe. Aongeze kioo, keria ya chuma yenye mikoba ya ubavuni, tairi mpya na balbu nzuri, kisha asafiri mchana tu na alale njiani. Atafika.

Ipi uitakayo, sheria yataka kofia ngumu na jaketi ya kuakisi mwanga kwako na kwa abiria wako mmoja. Nairobi, usipande Expressway, pikipiki haziruhusiwi. Na tangu kazi ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit izinduliwe mwishoni mwa 2025, tarajia michepuko na malundo ya mchanga ambayo jana hayakuwepo.

Mpwa wangu aliiacha ile FJR. Anatafuta 400 iliyotumika, na pesa zitakazobaki ameziwekea koti, glavu na masanduku. Nilimuomba jambo moja zaidi: soko la Molo likichelewa, alale huko huko. Akanijibu, "Mjomba, na ile biashara ya asubuhi Nakuru?" Nikamwambia itamngoja.