Maumivu ya kichwa ya asubuhi katika tiba ya apnea ya usingizi

Maumivu ya kichwa ya asubuhi katika tiba ya apnea ya usingizi ni maumivu anayoamka nayo mtu mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini, hasa katika siku na wiki za kwanza za kutumia mashine ya kusukuma hewa inayojulikana kwa kifupi kama CPAP. Maumivu hayo yanaweza kuwa ya ugonjwa wenyewe, ambao bado haujadhibitiwa vizuri, au yanaweza kuletwa na tiba, kwa mfano barakoa iliyokazwa mno au hewa kavu inayokera pua.

Kutofautisha vyanzo hivyo ni jambo muhimu. Mgonjwa anayeamka na kichwa kinachouma huweza kuamini kwamba mashine inamdhuru, akaiacha, na ugonjwa ukarudi usiku uleule. Mara nyingi chanzo kinaweza kutambuliwa na kurekebishwa bila kuacha tiba.

Apnea ya usingizi na maumivu ya kichwa

Apnea ya usingizi ni ugonjwa ambao pumzi ya mtu hukatika au hupungua mara nyingi akiwa amelala. Aina inayopatikana zaidi ni ile ya kuziba kwa njia ya hewa: misuli ya koo hulegea, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma, na hewa hushindwa kupita ingawa kifua kinaendelea kujitahidi kuivuta. Kipindi kimoja cha kukatika pumzi huhesabiwa kama kimedumu sekunde 10 au zaidi. Kisha ubongo humshtua mtu, njia hufunguka, mara nyingi kwa mkoromo mkubwa, naye hurudi usingizini bila kukumbuka lolote asubuhi.

Ukali wa ugonjwa hupimwa kwa wastani wa vipindi vya kukatika au kupungua kwa pumzi katika saa moja ya usingizi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 huhesabiwa kuwa kawaida, kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni ugonjwa hafifu, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni wa kati, na 30 au zaidi ni mkali.

Kuumwa kichwa wakati wa kuamka ni dalili mojawapo ya ugonjwa huu, pamoja na kukoroma, kusinzia mchana, kinywa kikavu na kuamka mara kwa mara kwenda kukojoa. Ainisho la Kimataifa la Maumivu ya Kichwa, ambalo toleo lake la tatu lilitolewa mwaka 2018, lina kundi maalumu la maumivu yanayotokana na apnea ya usingizi. Kwa kawaida maumivu hayo hutokea zaidi ya siku 15 kwa mwezi, huwa pande zote mbili za kichwa, hukandamiza badala ya kupwita, hayaleti kichefuchefu wala kuogopa mwanga na kelele, na huisha ndani ya saa 4 baada ya kuamka. Sifa nyingine ni kwamba hupungua sana au huisha kabisa ugonjwa unapotibiwa vizuri.

Namna maumivu hayo yanavyotokea haijafahamika kikamilifu. Maelezo yanayotolewa ni upungufu wa oksijeni katika damu, usingizi unaokatizwa mara nyingi, na ongezeko la kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikizidi katika damu, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka.

Mashine ya CPAP

CPAP ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "shinikizo chanya la kudumu katika njia ya hewa". Tiba hii ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Mgonjwa wa kwanza alijaribiwa mwaka 1980, na mwaka 1981 Sullivan na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya wagonjwa watano. Kabla ya hapo, tiba kuu ya ugonjwa mkali ilikuwa kutoboa tundu katika koo ili hewa ipite chini ya mahali panapoziba.

Mashine huvuta hewa ya chumbani, huichuja na kuisukuma kupitia mpira hadi kwenye barakoa ya pua, au ya pua na mdomo. Haiongezi oksijeni. Kazi yake ni kuzuia koo lisizibe, kama vile puto linavyobaki wazi likiwa na hewa ndani. Shinikizo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi huweza kutoa kati ya 4 na 20. Baadhi hutoa shinikizo moja usiku kucha. Nyingine hulipandisha na kulishusha zenyewe kulingana na hali ya koo.

Sababu za maumivu wakati wa kuzoea mashine

Pumzi zinazoendelea kukatika. Shinikizo likiwa dogo, koo huendelea kuziba na maumivu ya zamani hubaki. Hali huwa hivyo pia hewa nyingi inapovuja pembeni mwa barakoa au mdomoni, au mgonjwa anapoivua barakoa usingizini. Mtu aliyevaa barakoa kwa saa 3 tu na kulala bila hiyo hadi alfajiri anaweza kuamka na kichwa kinachouma, kwa sababu ugonjwa ulirudi katika saa za mwisho. Saa hizo huwa na sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto, ambapo misuli hulegea zaidi na koo huziba kwa urahisi.

Baadhi ya wagonjwa huanza kupata vipindi vya aina nyingine, ambapo koo liko wazi lakini ubongo hautoi amri ya kupumua. Kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe katika wiki au miezi ya kwanza, lakini inapaswa kufuatiliwa na daktari.

Barakoa na mikanda. Mgonjwa mgeni hukaza mikanda ili hewa isivuje. Mikanda hubana paji la uso, panja na kisogo. Maumivu ya kubanwa huwa makali zaidi mahali palipobanwa, na kwa kawaida huisha ndani ya saa moja baada ya kuvua. Hutokea pia kwa wanaovaa kofia ngumu au miwani ya kuogelea. Alama nyekundu usoni asubuhi ni ishara kwamba barakoa imekazwa mno au si ya kipimo kinachofaa.

Pua na mianya ya fuvu. Hewa inayopita kwa nguvu usiku kucha hukausha na kukera utando wa pua. Utando huvimba, pua huziba, na mtu huhisi uzito kwenye mashavu, kati ya macho au juu ya nyusi. Mwenye mafua, mzio au uvimbe wa mianya ya pua huathirika zaidi. Shinikizo linaweza pia kufika masikioni na kuleta hisia ya kuziba.

Kaboni dioksidi. Kila barakoa ya CPAP ina matundu madogo ya kutolea hewa iliyotumika. Yakizibwa na uchafu, shuka au plasta, mgonjwa huvuta tena hewa aliyoitoa. Matundu hayo huvuma na kupuliza, hivyo mtu asiyejua kazi yake anaweza kuyaziba akidhani ni mvujo. Tatizo tofauti ni la watu ambao mwili wao huhifadhi kaboni dioksidi, kwa mfano wenye unene mkubwa unaobana upumuaji au wenye ugonjwa sugu wa mapafu. Wengine kati yao hawatoshelezwi na CPAP, bali huhitaji mashine yenye viwango viwili vya shinikizo, kimoja cha kuvuta pumzi na kingine cha kuitoa.

Usingizi mbaya na misuli. Usiku wa kwanza huwa na kugeuka kidogo, kulala kwa mkao mmoja na kukaza taya. Shingo iliyokakamaa na kusaga meno huleta maumivu ya panja na kisogo. Aina hii hupungua mwili unapozoea.

Sababu zisizotokana na mashine

Si kila maumivu yanayoanza pamoja na tiba huletwa na tiba. Kuna vyanzo vingine vinavyopaswa kukumbukwa:

• Monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye jiko la mkaa lililoachwa chumbani au jenereta iliyowashwa karibu na dirisha. Kichujio cha CPAP hakiizuii, na mashine huisukuma moja kwa moja hadi mapafuni. Ikiwa watu wengine wa nyumba hiyo nao wanaumwa kichwa, na wote wanapata nafuu wakitoka nje, watu wote waondoke ndani mara moja na watafute matibabu.

• Dawa za maumivu zinazotumiwa kupita kiasi. Kutumia parasetamoli peke yake siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, kunaweza kuzalisha maumivu ya kichwa ya kila siku. Kwa dawa za mchanganyiko, au zenye kodeini, kiwango ni siku 10.

• Pombe na dawa za usingizi. Hulegeza misuli ya koo na kuzidisha kukatika kwa pumzi.

• Kahawa. Mtu aliyezoea kunywa kahawa nyingi ili asisinzie mchana, kisha akaipunguza ghafla, anaweza kuumwa kichwa kwa siku kadhaa.

• Magonjwa mengine, kama kipandauso, shinikizo la damu lililopanda sana, na malaria ikiwa kuna homa.

Utambuzi

Mahali, muda na wakati wa maumivu husaidia kupata chanzo. Maumivu yaleyale ya kabla ya tiba, ya kukandamiza pande zote mbili, huelekeza kwenye pumzi zinazoendelea kukatika. Maumivu yanayofuata mstari wa mikanda huelekeza kwenye barakoa. Uzito wa mashavu pamoja na pua iliyoziba huelekeza kwenye mianya ya fuvu.

Mashine nyingi za sasa huhifadhi kumbukumbu za kila usiku: saa zilizotumika, kiasi cha hewa iliyovuja, na idadi ya vipindi kwa saa vilivyobaki. Mgonjwa anayeandika kwenye daftari siku alizoumwa kichwa humrahisishia daktari kazi ya kulinganisha siku hizo na kumbukumbu za mashine. Idadi ikiwa chini ya 5 na mvujo ni mdogo, lakini maumivu yanaendelea, chanzo kingine hutafutwa.

Hatua za kupunguza maumivu

Hatua ya kwanza huwa barakoa. Inashauriwa kurekebisha mikanda mtu akiwa amelala na mashine ikiwa imewashwa, kwa sababu sura ya uso hubadilika akilala chali au ubavu. Mikanda ikazwe kiasi cha kuzuia mvujo, si zaidi. Barakoa isiyokaa vizuri hubadilishwa kwa aina au kipimo kingine.

Kwa pua iliyokauka hutumiwa chombo cha kuongeza unyevu, ambacho hupasha maji joto ndani ya mashine. Maji yaliyokenekwa ndiyo yanayopendekezwa, kwa kuwa hayaachi magadi. Maji hubadilishwa kila siku, na kichujio husafishwa au kubadilishwa mapema zaidi mahali penye vumbi. Kusafisha pua kwa maji safi yenye chumvi husaidia baadhi ya wagonjwa. Mzio hutibiwa kwa ushauri wa daktari.

Mashine nyingi huweza kuanza na shinikizo dogo na kulipandisha taratibu mtu anapopata usingizi, na nyingine hulipunguza wakati wa kutoa pumzi. Kuvaa barakoa mchana kwa muda mfupi, kwa mfano wakati wa kusoma au kutazama televisheni, husaidia mwili kuizoea. Shinikizo lenyewe halipaswi kubadilishwa bila mtaalamu: kulipunguza ili kupata raha kunaweza kurudisha ugonjwa, na kulizidisha kunaweza kuongeza mvujo na hewa inayomezwa tumboni.

Ubora wa mashine nao huangaliwa. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake iliweza kuchakaa na kutoa chembe na gesi. Maumivu ya kichwa yalitajwa miongoni mwa madhara yanayoweza kutokea. Kwa hiyo anayenunua mashine iliyotumika anashauriwa kuhakiki aina na namba yake kwanza.

Umeme ukikatika usiku, mashine huacha kusukuma hewa na barakoa inapaswa kuvuliwa. Barakoa nyingi zinazofunika pua na mdomo zina vali ya usalama inayoruhusu hewa ya nje kuingia, lakini pumzi zitaanza tena kukatika. Betri maalumu huweza kuendesha mashine bila hatari ya moshi wa jenereta.

Hatari ya kuacha tiba

Apnea isiyotibiwa huhusishwa na shinikizo la damu, kiharusi, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na ajali za barabarani zinazosababishwa na kusinzia. Kwa sababu hiyo wiki za kwanza huchukuliwa kuwa kipindi cha kufuatiliwa kwa karibu. Nchini Marekani, bima ya umma ya Medicare huhitaji ithibitike katika miezi 3 ya kwanza kwamba mgonjwa ametumia mashine walau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku ndani ya kipindi cha siku 30 mfululizo. Kiwango hicho ni cha chini tu. Manufaa huongezeka mtu akiivaa muda wote anaolala.

Dalili za hatari

Maumivu ya kichwa yafuatayo hayapaswi kuhusishwa na mashine kabla ya uchunguzi, bali huhitaji huduma ya haraka:

• Yanayoanza ghafla kwa ukali usio wa kawaida.
• Yanayoambatana na udhaifu wa upande mmoja, kushindwa kusema, degedege au kuchanganyikiwa.
• Yenye homa na shingo ngumu.
• Yanayozidi siku hadi siku, pamoja na kutapika au kuona vibaya.
• Yanayoambatana na usingizi mzito usio wa kawaida asubuhi, hasa kwa mwenye ugonjwa wa mapafu.

Mtu aliyevunjika fuvu au kufanyiwa upasuaji wa kichwa au pua hivi karibuni anapaswa kumweleza daktari kabla ya kutumia CPAP. Maji mepesi yakitoka puani pamoja na maumivu ya kichwa, mashine husimamishwa na daktari kuonwa mara moja.

Tazama pia

• Kukoroma
• Usingizi
• Kipandauso
• Shinikizo la damu