Mguu Ulioteguka Hauhitaji Mchuaji

Kila zinapokaribia mbio za marathoni za Kilimanjaro, ambazo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wataalamu wa viungo huulizwa swali lile lile na wakimbiaji waliomo katika wiki za mazoezi marefu, yaani mguu uliopinda kwenye kijishimo cha barabara uchuliwe kwa dawa gani, na nani, ili Jumapili mwenye mguu arudi kwenye kilomita zake 30. Swali hilo halifai kujibiwa kama lilivyoulizwa, kwa kuwa linadhani kwamba kuchua ni lazima na kwamba kilichobaki ni kuchagua chupa, ilhali jambo la kwanza kujulikana ni kama mfupa umesalimika, na la pili ni mguu huo unaweza kubebeshwa mzigo kiasi gani kwa siku ile.

Imani inayozaa swali hilo inajulikana na kila nyumba. Inasemwa kwamba mguu unapopinda mshipa huhama mahali pake, na kwamba mtu mwenye mkono mzito, akiwa na maji ya moto yenye chumvi au marhamu inayowasha, akiukanda na kuuvuta mguu mpaka ulie, huurudisha mshipa huo ulikotoka. Hakuna mshipa uliohama. Wayo unapogeukia ndani kwa ghafla, kinachoumia mara nyingi ni kano za upande wa nje wa kifundo, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kano hizo huvutika kupita kiasi au huchanika baadhi ya nyuzi zake kama kamba ya katani iliyolemewa, huku mishipa midogo ya damu iliyo karibu ikipasuka na kuvujisha damu ndani ya nyama. Ncha za kano iliyochanika haziungwi kwa vidole vya mtu aliye nje ya ngozi. Huungwa na mwili wenyewe, ambao kwanza huzuia damu, kisha hupeleka chembehai za kuondoa mabaki, na baadaye hufuma nyuzi mpya ambazo huchukua wiki kadhaa kukomaa hata pale maumivu yanapokuwa yamekwisha zamani.

Ukandaji wa usiku ule ule wa ajali huharibu hatua ya kwanza kabisa ya kazi hiyo. Joto hutanua mishipa ya damu, na kwa hiyo huongeza uvujaji wakati ambapo mwili unajitahidi kuukomesha, nao mkono unaobinya kwa nguvu hubandua damu iliyoanza kuganda na huvuta nyuzi zilizosalia nzima, hata mguu ambao huenda ungeingia kiatuni siku ya 4 ukaamka umevimba zaidi na kuvilia damu hadi vidoleni. Mgonjwa huambiwa kwamba uvimbe huo ni ishara ya dawa kufanya kazi. Maelezo hayo ni ya uongo, na ni vigumu kuyavumilia kila msimu, kwa sababu anayeyalipia ni mtu aliyekuja akiamini kwamba anasaidiwa.

Hata hivyo haitoshi kuikemea imani hii bila kueleza kwa nini watu wenye akili timamu huishikilia. Mlio unaosikika kiungo kinapovutwa hutokana kwa kawaida na gesi iliyomo katika ute wa kiungo, na hauthibitishi kwamba kitu chochote kimerudishwa. Nafuu inayofuata ni ya kweli lakini ni fupi, kwa kuwa kusuguliwa na kuwashwa kwa ngozi hushughulisha mishipa ya fahamu na kupunguza kwa muda habari za maumivu zinazofika kwenye ubongo. Tena kuteguka kwingi kudogo huanza kutulia kwenyewe ndani ya siku chache, awe mtu amechuliwa au hakuchuliwa, hivyo mchuaji hupokea shukrani za kazi asiyoifanya. Kuchua misuli ya shavu la mguu iliyochoka, siku ambapo hakuna jeraha jipya, ni jambo jingine ambalo halina ubaya wowote.

Hatari kubwa zaidi iko pale ambapo mguu unaochuliwa haukuteguka kabisa. Mkimbiaji aliyeongeza kilomita kwa haraka anaweza kupata ufa wa uchovu, yaani ufa mwembamba unaotokea mfupa unapobeba mapigo mengi kuliko unavyoweza kujijenga upya, na mara nyingi hutokea katika mifupa mirefu ya wayo inayoelekea kidole cha 2 na cha 3. Maumivu yake huanza bila ajali, hukaa mahali panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole kimoja, na huzidi kadiri mtu anavyoendelea kukimbia. Picha ya eksirei katika wiki 2 au 3 za mwanzo inaweza isionyeshe lolote, kwa hiyo jibu la kwamba picha ni safi si ruhusa ya kurudi barabarani. Kumkanda mtu huyu na kumtuma akakimbie ni kuugeuza ufa wa wiki 6 kuwa mfupa uliovunjika.

Kwa aliyepinda mguu zipo Kanuni za Ottawa, zilizoandaliwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa. Picha inahitajika ikiwa mtu hawezi kupiga hatua 4 baada ya ajali na tena anapopimwa, au ikiwa kubonyeza mfupa kunaleta maumivu katika mojawapo ya sehemu hizi: ukingo wa nyuma wa vinundu vya kifundo, ndani au nje, katika sentimita 6 za chini, kitako cha mfupa wa kidole kidogo, kinachopapaswa katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani. Yote hayo yakikosekana, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana.

Wapo wanaojibu hoja hizi kwa kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Ushujaa huo unastahili heshima yote, lakini Akhwari aliumia katikati ya shindano lenyewe, naye mkimbiaji wa mazoezini ana wiki nyingi mbele yake za kuharibu au kuponya. Vivyo hivyo, kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili kukimbia ni kuzima onyo huku kisababishi kikiendelea, na kwa mwili uliopungukiwa maji dawa hiyo huongeza mzigo wa figo.

Mambo ya kufanya ni machache. Siku 2 au 3 za kwanza mguu ufungwe bandeji ya kunyumbuka, uinuliwe, upumzishwe bila kulazwa kitandani kutwa, barafu iliyofungwa kitambaani iwekwe kwa dakika 10 hadi 15 kama inatuliza, na parasetamoli itumike ikihitajika. Kisha mtu atembee kadiri maumivu yanavyoruhusu, achezeshe kifundo, asimame kwa mguu mmoja kila siku, aendeshe baiskeli au aogelee ili moyo na mapafu visilegee, na asiogope wiki 2 bila kukimbia kwa kuwa hupoteza uwezo mdogo tu. Kukimbia kurudi pale anapoweza kutembea kwa kasi nusu saa bila kuchechemea na kurukaruka kwa mguu ulioumia bila maumivu, kwanza kwenye tambarare, kwa umbali mfupi, kifundo kikiwa kimefungwa. Miteremko kama ile ya kutoka Mweka, juu ya mji wa Moshi, iwe ya mwisho kurudishwa. Zikibaki wiki 3 na mguu haujafika hapo, aliyeteguka aulize kama anaweza kuhamia nusu marathoni ya kilomita 21.1, na mwenye maumivu ya mfupa asikimbie umbali wowote mpaka apimwe.