Kompyuta za Shule Zinahitaji Mlezi



Ukitoka Ruiru mjini ukashika Eastern Bypass, hufiki mbali kabla ya kuona Kamakis. Wageni wanapajua kwa nyama choma. Sisi tunaoishi huku tunapajua kwa jambo lingine pia: nyumba za kupangisha zinaota kila mwaka, watu wanahamia, na watoto wanazidi kujaa madarasani. Basi si ajabu kwamba kikundi kikipata pesa kidogo, wazo la kwanza siku hizi ni kuwanunulia watoto kompyuta.

Wazo ni zuri. Lakini kabla hamjaitisha harambee, tungependa kuwauliza swali moja tu. Siku kompyuta ya kwanza ikikataa kuwaka, nani ataitwa, na atalipwa na nani? Kama hamna jibu, ngojeni kwanza. Someni makala haya, kisha myajadili pamoja.

TULIYOYAONA KABATINI

Tuliitembelea shule moja ya upande huu, ambayo hatutaitaja jina. Tulifunguliwa kabati la chuma. Ndani mlikuwa na vishikwambi vimepangwa vizuri kama sahani za harusi. Hakuna hata kimoja kilichowaka.

Havikuibiwa, wala havikuvunjwa. Mwalimu aliyevishughulikia alihamishiwa shule nyingine, akaondoka na nywila, au paswadi kama wengi tunavyosema, ikiwa kichwani mwake. Waliobaki waliogopa kuvigusa, wasije wakaambiwa wao ndio wameharibu. Betri zikakaa tupu mwaka mzima, zikafa. Na watoto ambao vililetwa kwa ajili yao wakamaliza shule bila kuvishika.

Hapo hakuna mtu mbaya. Kilichokosekana ni mpango. Nanyi mnalijua jambo hili vizuri. Ni vikundi vingapi vimenunua mashine ya kusaga mahindi kwa shangwe na nyimbo, halafu baada ya miaka miwili mashine imekuwa kitanda cha kuku? Mashine ilikuwa nzima, lakini hakuna aliyeweka pesa za mkanda, na hakuna aliyejua zamu ya kuweka oili ni ya nani.

TUMETOKA WAPI

Mwaka 2013 serikali mpya ya Kenya iliingia na ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Mambo yalichelewa, na mpango ukaanza kutekelezwa mwaka 2016 kwa shule 150 za majaribio. Kazi ya kuleta vifaa ilipewa vyuo vikuu viwili pamoja na makampuni ya nje: Chuo Kikuu cha Moi na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, na kampuni ya Positivo BGH. JKUAT ni jirani yetu hapo Juja, na hapo hapo kikawekwa kiwanda cha kuunganisha vifaa.

Baadaye vifaa zaidi ya milioni 1 viligawiwa kwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Shule ilipata vishikwambi vya watoto, kompyuta za walimu, projekta, seva yenye masomo ndani, na ruta ya kuunganisha vyote. Stima pia ilifikishwa katika shule nyingi, na zile za mbali zikawekewa sola.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa na hatuidharau. Lakini kifaa huja na lori siku moja, na kukitunza ni kazi ya kila siku. Katika shule nyingi za msingi hakuna mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kompyuta peke yake. Kazi hiyo huongezewa mwalimu mmoja, juu ya vipindi vyake, na juu ya madaftari ya kusahihisha.

VYUO VIKUU WANAFANYAJE?

Tumezungukwa na vyuo. Kuna JKUAT Juja, Zetech hapa Ruiru, Mount Kenya University Thika, na Kenyatta University kule Kahawa. Kompyuta za chuo kikuu ni nyingi mno, na zinaharibika kama za kwetu. Tofauti iko katika utaratibu, na utaratibu hauhitaji pesa nyingi. Sisi tunaweza kuiga mambo matatu.

La kwanza ni dawati la msaada. Mwenye shida hatafuti fundi anayemjua, anapeleka shida mahali pamoja. Inaandikwa, inapewa namba, na haifutwi mpaka imetatuliwa. Shule inaweza kufanya hivyo kwa daftari la shilingi chache: tarehe, kifaa namba ngapi, shida gani, nani ameshughulikia, imekwishaje. Baada ya mwaka, daftari litawaambia ukweli. Mkiona kompyuta namba 7 imeandikwa mara tisa, mtajua inakula pesa bure.

La pili ni kupanga kazi kwa ngazi. Shida ndogo, kama waya uliolegea, anamaliza mwalimu au mwanafunzi aliyefundishwa. Kubwa kidogo inaenda kwa fundi. Ile kubwa kabisa inapelekwa kwa aliyeuza. Fundi haitwi kutoka Thika kuja kuchomeka waya.

La tatu ni kununua pamoja. Zamani intaneti ilipitia kwenye setilaiti na bei yake ilikuwa kali. Mwaka 1999 ulianzishwa muungano wa KENET, na vyuo vikawa vinanunua intaneti kwa jumla na kugawana. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, bei zikaanza kushuka, na muungano ulikuwa tayari upo kuitumia nafasi hiyo. Si ni kama nyinyi mnavyonunua mbolea? Mmoja akienda dukani peke yake anauziwa bei ya duka. Kikundi kizima kikienda, kinasikizwa. Shule tatu za jirani zinaweza kumlipa fundi mmoja, azunguke siku moja moja kila wiki.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Anzeni na Bodi ya shule. Mali ya shule ya umma iko mikononi mwa Bodi ya Usimamizi, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Msinunue halafu mpeleke kama zawadi ya kushtukiza. Ketini na mwalimu mkuu na Bodi, muandikiane nani atafanya nini.

2. Gaweni pesa kabla ya kununua. Ushauri wetu ni huu: kati ya kila shilingi 10, tumieni 6 kununua na wekeni 4 za utunzaji. Tuseme mmechanga shilingi 200,000. Basi 120,000 zinunue vifaa, na 80,000 zikae benki kwa ajili ya fundi, betri, vitasa vya mlango na kifaa cha kulinda stima inaporukaruka. Najua mtasema kompyuta zitakuwa chache. Ni kweli. Lakini sita zinazofanya kazi miaka mitano ni bora kuliko kumi zinazolala kabatini mwaka wa pili.

3. Angalieni mitumba kwa makini. Kompyuta kuukuu si mbaya, na nyingi zinafaa. Lakini ulizeni inatumia programu gani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kompyuta ya namna hiyo itawaka, lakini itazidi kuwa wazi kwa virusi. Mnaweza kuiwekea programu ya bure ya Linux, mradi awepo fundi anayeijua na mwalimu atakayefundishwa. Anayewauzia asiwafiche jambo hili.

4. Nywila ziwe za shule, zisiwe za mtu. Ziandikwe, zitiwe katika bahasha iliyofungwa, zikae kwenye sefu ya mwalimu mkuu. Walimu watahamishwa, hiyo ni kawaida ya kazi yao. Na wafundishwe wawili au watatu, asibaki mmoja tu.

5. Tunzeni betri na mzuie vumbi. Betri ya kishikwambi isifungiwe miezi ikiwa tupu. Likizo ikikaribia, ichajiwe nusu hivi, na muhula ukianza iangaliwe tena. Na vumbi la barabara zetu mnalijua. Kitambaa juu ya kila kompyuta, na chumba kifagiliwe kwa maji kidogo, si kwa ufagio mkavu.

6. Lindeni habari za watoto. Kompyuta ya shule ina majina, alama na picha za watoto wetu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihusu shule pia. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Basi hata sisi wa kikundi tukienda na simu zetu kupiga picha za sherehe ya kukabidhi, tuulize kwanza.

7. Kifaa kilichokufa kisichomwe. Betri iliyovimba ni hatari, inaweza kushika moto. Vyuma na plastiki zake zikichomwa zinatoa moshi wenye sumu. Hapo Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za namna hii. Na kumbukeni kwamba kifaa cha shule ya umma ni mali ya umma, kina utaratibu wake wa kuondolewa. Hakiuzwi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni.

VIJANA WETU WAPO

Mwisho, tusisahau tulicho nacho. Hapa Kamakis, Juja na Thika tuna vijana wengi wanaosomea kompyuta, na kila mmoja hutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Shule inaweza kuandikia chuo barua na kuomba mmoja. Lakini jamani, kijana asichukuliwe kama wa bure. Apewe nauli na chakula cha mchana, na awe na mwalimu wa kumsimamia. Akiondoka, daftari la shida libaki limejazwa vizuri, ili anayekuja asianze gizani.

Mtoto wa Kamakis atakutana na kompyuta akitaka asitake: hospitalini, benki, kazini, hata katika kuomba kitambulisho. Tofauti ni kama atakutana nayo akiwa ameizoea, au akiwa anaiogopa. Kabati lililofungwa halimfundishi kitu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Shule yetu ina vifaa vingapi leo, na vingapi vinawaka? Nani ana ufunguo na nani ana nywila? Pesa za matengenezo zinatoka wapi? Ni shule gani za jirani tunazoweza kuungana nazo kumlipa fundi mmoja? Katibu aandike majibu, na mwenyekiti ayapeleke kwa mwalimu mkuu kwa heshima. Huenda mkagundua kwamba mnachohitaji kununua mwaka huu si kompyuta mpya, ni betri mpya za zile mlizo nazo.