Je, Wajua? Kuku hana kibofu cha mkojo

Ule weupe juu ya kinyesi cha kuku ndio mkojo wake. Hutoka karibu mkavu, umejaa nitrojeni, chakula cha mboga.

Harufu kali ya banda ni nitrojeni hiyo ikitoroka. Bakteria huigeuza kuwa amonia, ikapanda hewani. Yaani unanusa mbolea yako ikikuaga! Tandaza vitu vikavu wanapozunguka kuku: majani ya migomba, nyasi, maganda ya mpunga. Kaboni iliyomo huwalisha bakteria, nao huishika nitrojeni isiende.

Uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira nchini Kongo, hulimwa mpunga. Kila kilo 100 za mpunga huacha maganda ya kilo 20 hivi. Yana silika nyingi, madini yale yale ya mchanga, ndiyo maana huoza polepole mno. Yachanganye na majani laini. Kazi ya kugeuza mchanganyiko huo waachie kuku: wakisaka wadudu huchakura kutwa, bila mshahara.

Bustanini nako, matandazo kama hayo huvunja nguvu ya matone ya mvua. Uvira imebanwa kati ya ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba, na mvua kubwa huteremsha udongo hadi ziwani. Kiangazi kikianza, Juni, matandazo hayo hayo hutunza unyevu.

Mbolea mbichi ya kuku huunguza miche. Iache ioze miezi mitatu au minne, ndipo upande lengalenga.