Wasaidizi wa Jamii Katika Darasa la Mpakani

Katika mtaala wa umilisi, ambao utekelezaji wake ulianza kote nchini Kenya Januari 2019, mtoto wa chekechea na wa gredi tatu za mwanzo hujifunza kuhusu watu wanaomzunguka kupitia shughuli za mazingira, yaani eneo la ujifunzaji linalokusanya pamoja mambo ya nyumbani, shuleni, afya, mimea, wanyama na jamii. Ndani ya eneo hilo huingia mafunzo kuhusu wasaidizi wa jamii, nao ni watu ambao kazi yao huwawezesha wengine kuishi kwa usalama na kupata mahitaji yao. Mada hii huonekana nyepesi, na huenda ndiyo sababu mara nyingi huachiwa chati moja ya ukutani yenye daktari, polisi, mwalimu, askari wa zimamoto na, kwa namna isiyoeleweka vizuri, rubani. Katika miji ya Busia na Malaba, iliyo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, chati hiyo hupwaya upesi, kwa kuwa inachukulia kwamba jamii ya mtoto hukoma pale nchi yake inapokoma.

Mpangilio wa mada za namna hii una asili yake. Katika karne ya 20 Paul Hanna, mtaalamu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieneza nadharia ya jamii zinazopanuka, inayosema kwamba mtoto aanze kufundishwa kuhusu familia, kisha shule, mtaa, wilaya, taifa, na mwisho ulimwengu. Wakosoaji, akiwemo Kieran Egan wa Kanada, walihoji iwapo kilicho karibu kwa umbali ndicho kilicho karibu na akili ya mtoto. Mpakani kuna pingamizi jingine ambalo halihitaji nadharia: mtaa na nchi ya kigeni hukutana kabla mtoto hajajua taifa ni kitu gani. Uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1902 wa kuutoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa Kenya ndio uliozaa mpaka wa leo, ukawaacha Wateso na Wasamia wakiwa pande zote mbili. Kwa mtoto wa Malaba, basi, shangazi anayeishi Uganda yumo katika duara la kwanza la Hanna, ilhali Nairobi, mji mkuu wa nchi yake, imo katika duara la taifa, lililo mbali zaidi.

Lililo muhimu, kwa hiyo, ni kuanza na kazi yenyewe badala ya kuanza na sare au cheo. Mwalimu anaweza kuchukua kitu kimoja ambacho watoto wanakila, tuseme ndizi zilizotoka Uganda, akawauliza zimepita mikononi mwa nani hadi kufika sahanini. Watamtaja mama muuzaji, mwendesha bodaboda, dereva wa lori na utingo wake, mbadilishaji fedha, afisa wa forodha anayekagua mizigo na kutoza ushuru, na afisa wa afya wa mpakani ambaye kazi yake ni kuzuia maradhi yasivuke pamoja na wasafiri, kazi iliyoonekana wazi mwaka 2020 wakati malori yalipopanga foleni ndefu Malaba madereva wakisubiri kupimwa korona. Huko Busia watawataja pia watu wenye ulemavu ambao kwa miaka mingi wamevusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Mfano huu unastahili muda darasani, kwa sababu vitabu vingi humchora mlemavu akisaidiwa tu, hali mtoto wa Busia amemwona akiwa ndiye msafirishaji anayetegemewa na wenye maduka. Askari wa zimamoto naye asiondolewe, ingawa si rahisi kukutana naye, maana malori ya mafuta hupita hapo kila siku.

Ugumu hasa upo kwa polisi. Chati inasema polisi ni rafiki, lakini baadhi ya watoto wamewaona wazazi au wajomba zao wakikimbizwa kwenye njia za panya, ambazo ni vijia vya kuvukia mpaka bila kupitia kituo rasmi. Mwalimu anayelazimisha kauli ya chati humfundisha mtoto kwamba yanayosemwa darasani hayahusiani na anayoyaona, na anayekubali kwamba polisi ni adui humnyima mtoto mlango wa kukimbilia siku atakapopotea. Njia ya kati ni kueleza kwamba kazi moja huwa na sehemu mbili, kusaidia na kuzuia, na kwamba sheria inayomzuia mjomba ina upande wa kumsaidia pia: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara unaomwezesha mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za kanda hii, zisizozidi thamani ya dola 2,000 na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, kupata cheti cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani. Mtoto wa miaka mitano hahitaji jina la cheti hicho, ila mwalimu wake anahitaji kulijua ili asiwageuze wazazi wa darasa zima kuwa wahalifu.

Njia inayofaa umri huu ni mchezo wa kuigiza. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anapoigiza mtu fulani hujifunga kwa kanuni za mtu huyo, na hapo hujifunza kujizuia. Kituo cha mpakani cha Busia kinatoa maigizo yaliyo tayari, kwani tangu kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 kuwa kituo cha huduma kwa pamoja, maafisa wa Kenya na wa Uganda hukaa jengo moja, na msafiri hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia upande anaoingia tu. Madawati mawili na mihuri ya viazi vinatosha.

Sehemu ya mwisho ya mada haipaswi kuahirishwa: msaidizi wa kweli hamwombi mtoto afiche siri, wala hamvushi mpaka bila mzazi kujua. Kenya na Uganda hutumia namba moja ya bure ya kuwasaidia watoto, 116, bahati ambayo walimu wa pande zote mbili wanaweza kuitumia kwa pamoja. Mtoto aijue, lakini ajue pia majina ya mzee wa mtaa na mhamasishaji wa afya ya jamii, kwa sababu hao hufikika kwa miguu, na zoezi la kuomba msaada lifanywe kwa lugha ambayo angeitumia akiwa na hofu, iwe Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Kiswahili.