Mwenyi Kusema na Mwenyi Kulipa

Siku hizi watu wanasema sana juu ya waimbaji na watu wengine wenyi jina kubwa, ambao neno moja la politiki liliwafungia mlango wa kazi. Wengine wanacheka: walijitafutia wenyewe. Wengine wanakasirika: kinywa cha mtu hakifungwi kwa kamba. Maneno hayo yanafika hata Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na mara nyingi katekista ndiye anayeombwa kukata shauri. Basi inafaa tujue namna mambo hayo yanavyokwenda, ili tusijibu ovyo. Tutatazama ulizo moja tu: neno la mtu mkubwa likileta azabu, ni nani anayelipa?

NENO LILILOSEMWA KINSHASA

Mwanzo wa mwezi wa Julai 2024, Koffi Olomide, mwimbaji anayejulikana katika Afrika nzima, alialikwa katika kipindi kimoja cha RTNC, ndiyo radio na televizio ya serikali yetu. Wakaongea juu ya vita ya Kivu. Yeye akasema kwamba kule hakuna vita, ila tunapigwa makofi tu. Akalinganisha magari ya adui na pikipiki zinazopeleka askari wetu.

Sisi wa Maniema tunaelewa uzito wa neno hilo. Kabambare inapakana na Kivu ya Kusini. Vita hiyo si hadisi ya mbali kwetu. Mama mwenyi mtoto jeshini alisikia matusi juu ya mtoto wake. Mwingine, ambaye jamaa zake walikimbia nyumba zao, alisikia kweli ambayo wakubwa hawapendi kuitaja. Neno lilikuwa moja, masikio mawili.

CSAC, baraza linalochunga kazi ya radio, televizio na magazeti, likamwita mwimbaji aeleze maneno yake. Akaenda, akasikilizwa. Lakini tutazame mtu wa pili, ambaye wengi wamekwisha kumsahau: Jessy Kabasele, mtangazaji wa kipindi kile. Yeye hakusema neno lile. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kusikiliza. Walakini RTNC ilimsimamisha kazi.

MILANGO MITATU YA MKATE

Juu ya nini kazi ya watu hao inavunjika upesi hivi? Mwalimu ana mshahara wake, hata kama unachelewa. Mkulima ana shamba lake. Mwimbaji anakula kwa kupita milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake.

Mlango wa kwanza ni serikali. Katika inchi yetu kuna tume ya kuchungua nyimbo kabla hazijatangazwa. Mwezi wa Novemba 2021 tume hiyo ilikataza nyimbo za kundi la MPR na za Bob Elvis, zilizosema juu ya taabu za inchi na juu ya wakubwa wake.

Mlango wa pili ni sosiete za bia, za simu na za biashara nyingine, zinazolipa mwimbaji ili asifu mali zao. Sosiete haitafuti kujua kama neno ni la kweli ao la uongo. Inaogopa makelele, maana makelele yanafukuza wanunuzi.

Mlango wa tatu ni watu wenyewe. Hapo wengi wanakosea, wakizani kwamba serikali peke yake ndiyo inayofunga njia. Katika miaka ya 2010, Wakongo wa Ulaya wanaoitwa «combattants» walizuia konseri za waimbaji wetu kule Paris na Bruxelles, wakiwashitaki kwamba walisifu utawala wa Kinshasa. Koffi mwenyewe alikaa miaka mingi bila kuimba Paris, mpaka Novemba 2021. Tarehe 28 Februari 2020, Fally Ipupa alipoimba kule, moto uliwashwa karibu na stesheni ya Gare de Lyon. Basi tuone jambo la kushangaza: mwimbaji yule yule aliyefungiwa njia Ulaya juu ya kuwa karibu na wakubwa, ndiye aliyeitwa Kinshasa mwaka 2024 juu ya kuwalaumu. Kusifu kuna bei, kulaumu kuna bei.

JINA NI NGAO

Lakini bei hiyo hailipwi na wote sawasawa. Mwaka 2021, nyimbo za MPR zilipokatazwa, watu wengi walipiga makelele, na kesho yake kundi hilo likafunguliwa njia. Jina kubwa ni kama ngao: mkuki unaigonga, unateleza, unamchoma aliyesimama kando.

Hayo si ya Kongo tu. Kule Kenya, mwaka 1977, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mwalimu wa Universite ya Nairobi, alifanya mchezo wa kuigiza pamoja na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, kwa lugha yao ya Kikuyu. Mchezo ukakatazwa, na tarehe 31 Desemba akakamatwa. Alifunguliwa mwisho wa 1978, lakini hakurudishiwa kazi yake. Yeye alilipa kweli. Walakini jina lake lilijulikana ulimwenguni, akapata kufundisha katika inchi za ngambo mpaka uzee. Watu wa Kamĩrĩĩthũ hawakuwa na ngambo ya kwenda. Mwaka 1982 askari polisi walibomoa jukwaa walilojijengea kwa mikono yao.

Na huku mashariki tulikuwa na Delcat Idengo, mwimbaji aliyejulikana hasa Beni na Goma. Alifungwa zaidi ya mara moja juu ya nyimbo zake. Mwezi wa Januari 2025, vita ilipofika Goma, wafungwa walitoka gerezani naye akatoka. Tarehe 13 Februari aliuawa kwa risasi katika mji ule ule. Ngao yake ilikuwa ndogo.

TUNAPASHWA KUJIBU NAMNA GANI?

Hatusemi kwamba kila neno ni jema likisemwa na mtu asiyeogopa. Amri ya nane haikuandikwa kwa watu wadogo tu. Mwenyi kusingizia jirani, ao kuchochea kabila moja juu ya lingine, anafanya kosa zito zaidi kadiri sauti yake inavyofika mbali. Kumnyima kipaza sauti kunaweza kuwa haki. Lakini kulaumu namna vita inavyoongozwa si kusingizia, na kusema vibaya kwa haraka si kuchochea mauaji. Kabla ya kukata shauri tupambanue kwanza: ni uongo, ni chuki, ao ni kweli yenye uchungu?

Kisha tuulize ulizo la pili, linalosahauliwa: azabu imeanguka juu ya nani? Konseri ikifungwa, mwimbaji anarudi nyumbani kwake. Wapiga ngoma, wachezaji na mama anayeuza vyakula mlangoni wanarudi mikono mitupu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Na jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Parokia inaalika mkubwa fulani aseme na vijana. Shule inampa kipaza sauti siku ya sikukuu. Radio ndogo inamfungulia saa moja. Akisema neno la kukasirisha, kesho yake ataondoka na gari lake. Atakayeitwa kujieleza ni kijana aliyeshika kipaza sauti, ao katekista aliyepanga viti. Basi padri aliyetoa ruhusa ya kualika asimame wa kwanza, aseme wazi: mimi ndiye niliyealika, niulizeni mimi. Tukimwacha mdogo alipe peke yake, hatutakuwa na haki ya kuwahukumu wakubwa wa Kinshasa.